Ishirini na Nane ya Nini

Ofisini tulimwita Bahasha, na jina hilo nilimpa mimi, kwa kejeli. Dada huyu alinitangulia kazini miaka tisa na hakuwahi kumpa mtu namba tupu. Ukimuuliza chai yake iwekwe sukari ngapi, atakuambia viwili, vijiko vidogo, vya kufuta, si vya kujaza. Mumewe alishakata tamaa.

Chumba chetu kilikuwa chini ya ngazi za hospitali. Tuliandika programu iliyopeleka majibu ya maabara hadi kwenye skrini za wodini. Mashine ya maabara inatoa namba, skrini inaipokea. Katikati Bahasha aliweka sharti lake: namba haitoki mpaka ifungwe, kama barua ndani ya bahasha, pamoja na jina la mgonjwa, saa aliyopimwa na kipimo cha namba yenyewe, kama vile kilo au ratili. Skrini inafungua, inakagua, ndipo inaonyesha. Kimoja kikikosekana, inakataa.

Skrini zenyewe zilikuwa kuukuu, na ukaguzi ule ulizichelewesha. Wauguzi wakalalamika, nami nikapata pa kusemea.

“Dada, tupeleke jina na namba, basi. Hayo mengine mzigo tu. Sukari ni sukari.”

“Na siku maabara wakibadilisha mashine?”

“Si watatuambia?”

Nilimganda wiki nzima, nikimcheka mbele ya wenzetu. Ijumaa akachoka. “Haya, toa. Sikio la kufa halisikii dawa.”

Nikatoa. Skrini zikawa nyepesi, wauguzi wakatushukuru, nami nikatembea kifua mbele.

Miezi miwili baadaye shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa, alilazwa ghorofa ya tatu kwa ugonjwa wa sukari. Siku ya pili yake, saa nane mchana, Bahasha alirudi kutoka maabara alikokwenda kutazama printa iliyogoma. Alisimama mlangoni, hakuingia.

“Wamefunga mashine mpya leo,” alisema. “Inatumia kile kipimo kingine, chenye namba kubwa.”

Nilielewa papo hapo. Sukari ya damu ina vipimo viwili. Kwa kile tulichozoea, mtu mwenye afya ana tano hivi. Kwa kile kingine, mtu huyohuyo ana tisini. Tisini ingewashtua wauguzi, wangetupigia simu. Wa kuogopewa ni yule ambaye sukari imemwishia mwilini, kwa sababu namba yake mpya ingefanana na ya mtu ambaye sukari imempanda. Huyo wangemchoma insulini ya kushusha sukari, naye hana ya kushushwa. Angeweza kufa.

Nikafungua orodha ya majibu yaliyotoka kwenye mashine mpya. Lilikuwa moja tu, la dakika nne zilizopita. Nikasoma kwa sauti jina la shangazi yangu na namba yake. Ishirini na nane.

Nilipiga simu wodini. Ikaita, ikaita. Nikapiga tena, nikakosea, nikabonyeza namba ya jikoni. Nilipoinua kichwa, Bahasha hakuwepo, na viatu vyake vilikuwa mlangoni. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye goti bovu. Nikamkimbilia ngazini nikiomba Mungu kwa sauti, mimi nisiyeomba.

Shangazi alikuwa amelala chali, jasho linamtoka, macho nusu wazi. Muuguzi alishamkunjia mkono wa gauni, sindano imejaa. Bahasha alifika kabla yangu, lakini pumzi zilimkatika, hakuweza kusema. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wa shangazi, pale pale sindano ilipokuwa inaelekea.

“Mama, unafanya nini?” muuguzi aliuliza.

“Ishirini na nane ya nini?” aliuliza Bahasha, pumzi zilipomrudia kidogo.

“Ya sukari.”

“Kwa kipimo gani?”

Muuguzi aligeukia skrini. Skrini haikuwa na jibu, nililitoa mimi.

Muuguzi akachukua kifaa kidogo cha kupimia sukari kidoleni. Kikasoma moja na nusu, kwa kipimo tulichozoea. Aliiweka sindano chini polepole, kisha akakimbilia dripu ya sukari.

Baada ya robo saa shangazi alifumbua macho vizuri, akamwona mwanamke peku anafuta machozi.

“Huyu nani, mwanangu?”

“Mwenzangu kazini. Ndiye aliyegundua kosa.”

“Kosa la nani?”

Nikaanza kumnyooshea shuka. Bahasha alinitazama, nami nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona.

“La ofisi, dada yangu,” alisema yeye. “Pumzika.”

Jioni ileile nilirudisha kila nilichokitoa, naye akinihakiki mstari kwa mstari. Shangazi yupo, mzima, na kila mwezi hunipa kifurushi nimpelekee mwokozi wake. Mimi pia hunishukuru, eti nilikuja mbio.

Bahasha hukipokea na kuuliza swali lilelile.

“Umeshamwambia kosa lilikuwa la nani?”

“Bado, dada.”

“Bado siku ngapi?”