Saipresi za Baba Kule Kieni

Baba yangu huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Aliniita hivyo siku aliyoniuliza kama apande miti katika shamba lake la nyasi, mbele kidogo ya mji wa Chaka, huko Kieni.

"Mama, wewe ndiye umesoma. Wanapeana miche ya bure. Nipande ama niache?"

Nilimwambia apande. Waliokuwa wakigawa miche ndio walioniajiri. Kazi yangu ilikuwa kutunza kifaa kilichofungwa juu ya mlingoti, chenye macho mawili ya kioo. La juu hupima mwanga wa jua unaoshuka; la chini hupima ule unaorudishwa na ardhi. Tulisimamisha mlingoti kwa Baba kabla ya miche kufika. Kilikuwa kiangazi, na nyasi zilikuwa zimekauka zikawa nyeupe kama magunzi, hata saa sita mchana ulizitazama umekunja uso. Jicho la chini liliona mwanga mwingi. Niliandika, nikaenda kula.

Miche hiyo, saipresi, ilikua haraka. Miaka ya kwanza Baba alikaa kivulini na kondoo wake, akifurahi. Mimi nilikuwa nikisoma kifaa, na kila mwaka jicho la chini liliona mwanga kidogo zaidi. Nilimwuliza mkubwa wangu kazini.

"Jua ambalo nyasi ilikuwa inalirudisha juu, sasa linabaki hapa chini," alisema. "Miti ikiwa na maji inajipoza, kama mtu anavyotoa jasho. Shida ni maji yakiisha."

"Yakiisha itakuwaje?"

"Itabaki imesimama hapo, nyeusi, juani."

Sikumwambia Baba. Nilijiambia kwamba mvua itanyesha.

Haikunyesha msimu ule, wala uliofuata. Kijito kilichopita chini ya shamba kilipungua mpaka tukaona mawe ambayo hatukujua yapo. Siku moja adhuhuri nilifika nikakuta kondoo wamelala nje ya ua, kando ya barabara, juani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa chini ya miti. Niliingia. Joto lilikuwa limetuama mle ndani kama jikoni mlango ukifungwa. Majani makavu yalivunjika chini ya viatu vyangu, na sikusikia ndege.

Baba alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na mlingoti.

"Mama, hii kitu imekuwa ikipima nini?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na ulijua lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Ati miaka mitatu. Mvua ni ya Mungu, hiyo siwezi kukuuliza. Nakuuliza kwa nini ulinyamaza."

Mwezi uliofuata alikata miti yote ya upande wa chini, peke yake, bila kunipigia simu. Nyasi hazikurudi. Palibaki zulia la majani makavu, na udongo mgumu chini yake.

Niliomba kusema katika mkutano wa majirani. Niliwaambia miti ina mahali pake, kule juu penye mvua na kwenye kingo za mito, lakini nyanda zetu kavu zinajikinga na joto la jua kwa weupe wa nyasi. Mzee mmoja aliuliza, "Kwani mti umekuwa adui?" Nilimjibu hapana. Waliitikia kwa heshima, kisha wakapanga foleni ya miche.

Sasa nikisimama langoni kwa Baba naona mabaka meusi ya miti mgongoni mwa kilima, na kila nikija yameongezeka. Juma lililopita tulihamisha mlingoti hadi shamba jeupe la nyasi lililobaki. Safari hii nilimpigia mwenye shamba, mama mjane, kabla miche haijafika, nikamwambia ninachojua.

"Asante, msichana wangu," alisema. "Lakini mashimo tulishachimba."