Kiti cha Mgeni Rasmi

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Jina hilo walimbandika wenzake darasani, kwa tabia yake ya kujibu swali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, likamganda. Baba yake, fundi seremala, alilipenda kuliko hata jina alilompa mwenyewe.

Mjini Profesa alikuwa karani wa kiwanda cha uchapaji. Kiwanda kikafungwa. Akapakua mizigo ghalani mpaka mgongo ukamgomea, na tangu hapo hakuwa na mbele wala nyuma. Alilala sebuleni kwa rafiki yake, akiwahi kuamka ili watoto wa mwenye nyumba wasimkute kwenye kochi. Baba akipiga simu, alijibu, "Kazi zinaenda, baba." Na kweli zilikuwa zinaenda, ila kwa watu wengine.

Mwalimu mkuu wa shule yake ya zamani alipomwalika awe mgeni rasmi wa mahafali, awape wahitimu nasaha, alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kurudi moja kwa moja. Baada ya sherehe angemweleza baba ukweli, kisha angeshika randa kwenye karakana ya nyuma ya nyumba, kama alivyofundishwa utotoni. Randa aliijua vizuri. Hakuwa na tumaini jingine duniani, kwa hiyo alifungasha nguo zake zote.

Ukumbini walimketisha kwenye kiti kikubwa cha wageni, alichokichonga baba yake kabla mikono haijaanza kutetemeka. Mzee mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, amejawa na furaha hadi anasalimia watu asiowajua. Suti ya Profesa ilikuwa ya kuazima na mikono ya koti ilikuwa mifupi, basi akasimama kuhutubia huku amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi.

Alikuwa ameandaa hotuba ile ile ya siku zote, ya bidii na nidhamu. Alipowatazama wale vijana ndani ya majoho yao, ikamshinda.

"Wadogo zangu," akasema, "sitawadanganya kwamba kila anayejitahidi anafanikiwa. Wapo kati yenu watakaojitahidi na wakashindwa. Ukishindwa, usijifiche huko uliko. Rudi nyumbani, sema nimeshindwa, naombeni nafasi. Kujificha kunachosha jamani, niaminini."

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Kaka, na wewe ungeshindwa, ungerudi?"

"Ningerudi leo hii," akasema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. Profesa ashindwe! Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa baba yake.

Njiani kurudi nyumbani Profesa akapiga moyo konde. "Baba, yale niliyosema pale..."

"Umesema maneno mazito, mwanangu," mzee akamkata kauli. "Kuna wazazi wenzangu walihitaji kuyasikia. Wale wenye watoto wa namna hiyo."

Walipofika, mzee akamzungusha nyuma ya nyumba ili amwoneshe kitu. Dirisha la karakana lilikuwa na pazia jipya. Ndani, palipokuwa na meza ya kazi, palikuwa na kitanda.

"Nimempa binamu yako, ameoa juzi na hana pa kukaa. Vifaa nimewagawia mafundi. Watu wakaniuliza, humwachii mwanao? Nikawaambia, Profesa? Profesa arudi huku kufanya nini?" Mzee akacheka, kisha akamtazama usoni. "Au nimekosea?"

Profesa akalitazama lile pazia jipya.

"Hujakosea, baba."

"Najua wanakungoja kazini. Unaondoka kesho?"

"Kesho asubuhi."

Mzee akaliinua begi la mwanawe kwa mikono yake miwili inayotetemeka ili aliingize ndani, akashindwa, akaliweka chini.

"Mbona zito hivi, na unalala siku moja tu?"

"Vitabu, baba," Profesa akasema.

"Nilijua tu," mzee akasema, akamfungulia mlango wa chumba cha wageni.