Dirisha la Gesti ya Mama

Dada yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, ilibidi mama apangiwe chumba cha gesti. Mtu wa mbali atashangaa, maana dada ana nyumba ya kupanga pale Rubwera, chumba na sebule, ana mume mwenye adabu, na godoro la ziada limeegemezwa ukutani. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Hawakutani uso kwa uso wala hawapeani mikono. Si ugomvi, ni heshima, tena heshima nzito kiasi kwamba mama yangu akisikia tu kuwa mkwe wake yuko njiani, huingia migombani akajificha, hata kama njia yenyewe iko wilaya nyingine.

Kwa kawaida binti ndiye angerudi nyumbani kulelewa. Dada, hata hivyo, alijifungua kwa upasuaji, na barabara ya kutoka Rubwera hadi kwetu Nyabiyonza ina mashimo ambayo mengine nadhani yana hati miliki. Hospitali walimkataza pikipiki na gari lolote la kurukaruka. Kwa hiyo mama ndiye wa kwenda. Alitaka kitu kimoja tu, kumlea mwanawe na kumwogesha mjukuu mpaka kidonda kipone. Alilisema hilo mara moja, kisha akaanza kufunga mizigo.

Kazi ya kutafuta malazi ilinishukia mimi, msomi wa familia. Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, na katika jiografia mada ya usafiri na mawasiliano niliiweza mpaka mwalimu akaogopa. Nikapanga vigezo vyangu kitaalamu. Gesti iwe katikati ya mji, karibu na kituo cha haisi, karibu na kijiwe cha bodaboda, karibu na duka la dawa, na bei yake isimlazimishe baba kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini.

Kabla ya safari nilimpigia shemeji kumweleza. Shemeji ni mtu wa Singida, anafanya kazi ofisi za wilaya.  Akaniambia kwamba kwao mama wa mke akija hutandikiwa kitanda kilicho bora kuliko vyote na mwenye nyumba hulala chini, kwamba ofisini watasema ameshindwa kumpokea mkwewe, na kwamba gesti ni ya wasafiri na ya watu wenye shughuli zao zisizoulizwa. Nikamjibu kwamba mwiko ni mwiko. Akasema haya, kwa sauti ambayo ndani yake hamkuwa na haya yoyote.

Rubwera mimi huiita jiji. Ina ofisi za serikali, ina maduka, ina bodaboda kuliko abiria, na ukisimama katikati unaiona yote bila kugeuza shingo, jambo lililoyashinda majiji mengine yote. Tulifika asubuhi, mama na mkungu wake wa ebitoke, unga wa ulezi na chupa ya samli. Kwake hizo ndizi zilikuwa dawa ya mzazi, na gesti ilikuwa mahali pa kutua tu ili dawa ifike.

Gesti ya kwanza ilikuwa imeungana na baa. Pale mlangoni palikuwa na spika yenye ukubwa wa kabati la nguo. Mama, ambaye ni mwanakwaya wa kanisani, aliiangalia ile spika kwa muda, akageuka, na mimi nikabeba mkungu kumfuata.

Ya pili ndiyo niliyokuwa nimeichagua moyoni tangu nyumbani. Ilikuwa ya ghorofa moja na mbele yake ndipo haisi zinaposimama. Chini kulikuwa na duka la vocha, kinyozi na mama wa chipsi, na duka la dawa lilitazamana na mlango. Bei yake ilikuwa ya huruma kabisa. Nilimwonyesha mama kila kitu kama mtu aliyeijenga mwenyewe. Akanisikiliza vizuri, akaenda dirishani, akafungua pazia.

"Hii barabara inakwenda wapi?"

"Ofisi za wilaya, mama. Umeona ilivyo karibu?"

"Na mkwe wangu anafanya kazi wapi?"

Nikafunga pazia.

Hapo ndipo jiografia yangu ilipofikia mwisho. Mahali penye usafiri mzuri ni mahali anapopita kila mtu, na shemeji ni mtu. Asubuhi angepita chini ya dirisha akienda kazini, mchana angekuja kwa mama wa chipsi, jioni angenunua vocha, na Jumamosi angekaa kwa kinyozi saa nzima huku uso wake umeelekezwa ngazini. Kila sifa niliyoitaja ilikuwa mtego. Mama hakunicheka. Alisema tu kwamba mwanawe anasubiri uji, na kwamba kama hakuna mahali pa kulala pasipo na aibu, basi atarudi Nyabiyonza na haisi ya mchana, mjukuu ataogeshwa na majirani. Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

Ya tatu hatukuitafuta, tuliikuta nyuma ya maduka tulipokuwa tukikwepa jua. Mwenye gesti ni mama wa makamo, mzaliwa wa Mabira, wa mila kama zetu. Nilimwamkia shikamoo na kuanza kumweleza vigezo vyangu, naye akaniacha niongee huku akimtazama mama na ule mkungu. Kisha akamuuliza, si una binti hapa mjini? Mama akajibu kuwa anaye, ila mkwe yupo. Yule mama hakuuliza la pili. Alichukua ufunguo akatupeleka hadi chumba cha mwisho kabisa, ambacho dirisha lake halikuangalia chochote ila migomba. Katikati ya migomba kulikuwa na kinjia, na kinjia hicho kilitokeza nyuma ya nyumba za kupanga, hatua chache kutoka kwa dada.

Akatueleza kwamba mama wakwe wa walimu na wa manesi wote hupitia hapo. Wanaume hugombania vyumba vya mbele ili waone barabara, yeye huwaachia. Cha nyuma bei yake iko chini kwa sababu hakina mandhari. Mama alikaa kitandani, akaitazama migomba isiyo yake, akaona kuna mmoja unahitaji kupunguzwa majani.

"Hapa," alisema.

Utaratibu wetu ukawa huu. Mimi nalala kwenye benchi la mapokezi pale gesti. Shemeji akitoka kwenda kazini, dada hunipigia, na mama huingia kwenye kinjia. Anapika, anafua, anamkanda dada kwa maji ya moto, anamwogesha mtoto. Kabla ofisi hazijafungwa, mama anarudi gesti na mimi nyuma yake na sufuria. Kwa mchana mambo yalikwenda kama saa ya kanisa.

Tatizo lilikuwa jioni. Mtoto yule alikuwa na kilio cha jioni, nina hakika upande wa Uganda walikisikia na wakafunga madirisha. Alianza kila mama alipoondoka na kuendelea kana kwamba analipwa. Shemeji alijaribu kumwogesha, lakini alimwogesha kama mtu anayesafisha pikipiki. Kwa hiyo dada akawa anainuka mwenyewe, anabeba ndoo, anainama. Kidonda kikaanza kutoa maji. Nesi alipokiona alisema kikifunguka tena itakuwa hospitali moja kwa moja, akauliza nyumbani kwa nini hakuna mtu wa kumsaidia usiku? Mama alisimuliwa hilo akiwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya. Jioni ile alikaa kwenye kitanda cha gesti ameelekea dirishani, na chakula nilichompelekea nikakikuta asubuhi kilivyo.

Siku mbili tatu baadaye mvua ilinyesha mchana, mvua ya kwetu isiyotumwa na mtu. Umeme ukakatika ofisini na shemeji akarudi nyumbani mapema bila kusema. Nilimwona akivuka uwanja mbio, gazeti kichwani, nikapiga kelele moja tu, na mama akatokea mlango wa nyuma. Jiko la nje lilikuwa limejaa kuni hadi mlangoni. Akasimama nyuma ya ukuta wake, kanga kichwani, paa fupi likimmwagia maji yote ya bati mabegani.

Shemeji aliingia, akaona ndoo ya maji ya moto na mtoto nusu ameogeshwa, akaelewa. Akaenda hadi mlango wa nyuma, akasimama hapo bila kuchungulia. Kati yao palikuwa na ukuta mmoja na mimi, niliyekuwa naloa kwa niaba ya ukoo mzima.

"Shemeji, mwambie mama aingie ndani. Analoa."

"Mama, anasema uingie."

"Nimemsikia. Mwambie nashukuru. Mvua hii nimeizoea."

"Anasema ameizoea."

"Nami nimemsikia," shemeji alisema.  "Mwambie mimi kwetu nimelelewa kwamba mzazi hasimami nje. Siwezi kunywa hata chai naye akiloa."

 Mtoto akaanza kulia ndani. Dada aliita kwamba asije mtu, atamwinua mwenyewe, na shemeji akasema kwa ukali asithubutu. Kisha akageukia upande wangu.

"Kile chumba cha gesti. Kitanda chake kinafaa?"

Nilimwambia kinafaa kwa mfalme.

"Basi mwambie mama nahamia mimi. Yeye aje alale hapa na mwanawe."

Niligeuka kumtazama mama. Sheria hiyo hakuna aliyewahi kuiandika, na mwenye kuihukumu alikuwa yeye peke yake, amesimama kwenye matope. Alifikiri, maji yakimtiririka puani.

"Nyumba hii ni yake?" aliniuliza.

"Hapana mama, amepanga."

"Basi paa ni la mwenye nyumba." Akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Muulize mkwe wangu, huko gesti atakula nini jioni."

Shemeji alifunga mkoba mdogo, akatokea mlango wa mbele, na alipofika kona ndipo mama akaingia kwa mlango wa nyuma. Chumbani kwa wenyewe hakulala. Godoro la ziada lilishushwa sebuleni, dada akahamia hapo, na mtoto akawekwa katikati.

Wenzake ofisini walimtania sana shemeji kwamba amefukuzwa na mtoto wa wiki mbili. Mmoja alimuuliza kama gesti inampa punguzo la wanandoa, maana mimi nilikuwa nimehama benchi na tulikuwa tunagawana kitanda. Shemeji akawajibu kwamba mama mkwe wake amekuja kukaa nyumbani kwake, na wao wakwe zao wako wapi?

Jioni ile ya kwanza mama alinipa bakuli lililofunikwa, ndizi na maharage na samli juu, akanionya nisionje njiani. Nikapita kinjia cha migombani. Shemeji alikuwa amekaa kitandani amevua viatu. Alinawa, akaanza kula.

"Mtoto analia?"

"Amelala."

Akatafuna.

"Na mke wangu?"

"Naye amelala. Ndoo amebeba mama."

Alimaliza bakuli lote, akalifuta kwa kidole, akalifunika tena vizuri na kunikabidhi ili mama alione tupu. Kisha akajilaza, akasikiliza kidogo upande wa migomba, ambako hakukuwa na sauti yoyote, na kabla sijazima taa alikuwa anakoroma.