Mke wa Kodi

Mpaka leo nikisikia mwanamume anajisifu kwamba mwanamke fulani "nimemlipia," mate hunijaa mdomoni. Si ya hamu. Ya kinyaa.

Baba alikufa tukikaa Temeke, enzi za Mwingereza, mie nikiwa msichana wa kuteka maji na kuelewa mambo. Mama akakaa eda katika nyumba ya udongo ambayo baba alitujengea, uani kwa mdogo wake. Kwa desturi yetu mjane aliye edani hatoki nje, wala hasemi na mwanamume asiye maharimu wake. Na ndipo karani wa kodi akapita.

Kodi ya siku zile ilimpanga kila mtu mahali pake. Kapera alilipia kichwa. Mwenye mke alilipia nyumba, na mwenye mke wa pili aliongeza, kwa kuwa mke wa pili ana nyumba yake. Mjane asiye na kitu aliweza kusamehewa. Haya, karani akanyoosha kidole: "Ile ya nyuma ya nani?"

Mama yumo ndani, amesikia, hawezi kujibu. Baba mdogo akamjibia.

"Ya mke wangu wa pili."

Akatoa fedha palepale, na mkewe yuko jikoni anapuliza moto. Wallahi nilidhani amerukwa na akili. Mtu gani anakimbilia kuongezewa kodi?

Eda ilipokwisha tukajua. Alikuja jioni, amejipaka mafuta ya nazi mpaka shingoni, akagonga mlango wa mama. "Fungua. Nimeshakulipia." Shemeji mtu huyo! Kaburi la kaka yake halijaota hata majani. Mama alikaza mchi nyuma ya mlango, nami nikaushikilia. Kesho yake akagonga tena.

Mama akaenda barazani kwa jumbe kushtaki. Baba mdogo naye akaja na stakabadhi yake. Jumbe akaitazama, akasema, "Bibi wee, kodi umelipiwa. Umeandikwa mke wake. Wataka nini tena?"

"Nani aliniozesha? Mahari iko wapi? Shahidi nani?" Mama akamnyooshea kidole baba mdogo. "Na kama kodi ndiyo ndoa, mwaka juzi askari walipomfunga kamba huyu kwa kodi yake, aliyemlipia ni mie, kwa pesa za vitumbua. Haya, mie nimemuoa lini?"

Baraza zima likaangua kicheko.

Jumbe naye alicheka, kisha akasema jina halifutiki. Maadamu nyumba imesimama, lazima iwe na mwenyewe, na mwenyewe ameshaandikwa. Aliyasema hayo huku anajichokoa meno, mtu wa safu ya mbele msikitini! Ptuu!

Mama hakumbembeleza. Tuliporudi alitoa nje vyungu, mikeka na sanduku, akashika jembe, akaanzia ukuta wa mlangoni. Baba mdogo alikuja mbio, anapiga kelele kwamba anavunjiwa nyumba yake. Mama hakumtazama. Ukuta ule baba aliukandika mwenyewe, na alama za vidole vyake zilikuwa bado zinaonekana kwenye udongo. Mama alizipiga jembe, machozi yanamtoka, mpaka pasibaki nyumba ya kuandikiwa mke.