Choo cha Baba Mkwe na Tuta la Bondeni

Siku niliyokwenda halmashauri kuomba kibali cha ujenzi nilivaa gauni la kanisani, nikijidanganya kwamba mtu aliyependeza huhudumiwa haraka. Wapi. Afisa mipango miji, kijana mpole aliyehamishiwa kwetu Mugumu kutoka Lindi, alinikaribisha vizuri, akanisikiliza vizuri, akaninyima vizuri. Alisema huko kwetu bondeni, kuanzia darajani mpaka machinjioni, vibali vyote vimesimamishwa hadi tuta la kuzuia mafuriko likamilike. Nyumba, banda, uzio, hata jiko la nje, hakuna. Kwanza tuta, halafu ndiyo watu wajenge.

Mimi nyumba ninayo. Nilikuwa nataka choo.

"Choo si mnacho?" akasema. "Nimekiona juzi nilipopita. Kizima, kina bati. Hicho cha pili ni cha nani?"

Mimi ni mwalimu, nasema kutwa, na nyumbani nasifika kwa mdomo kuliko kwa mapishi. Lakini lile swali sikuweza kulijibu mbele ya kijana wa watu. Nikasema ni cha wageni. Akauliza wageni gani. Nikasema wa kudumu. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia nirudi tuta likiisha.

Mgeni mwenyewe alikuwa baba mkwe wangu.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu nieleze. Nimezaliwa Tarime, nikaolewa na mtu wa Nyambureti, na huku mkamwana na baba mkwe wake wanaheshimiana mpaka wanachoshana. Simpi mkono. Sikai naye sebule moja. Chakula nakiweka mezani, nasema karibu baba, natoka. Na zaidi ya hayo yote, mzee wa zamani haingii choo anachoingia mkamwana wake. Haingii kabisa, hata kama tumbo linamkata. Vijana wa siku hizi wamelegeza kamba, lakini yeye si kijana wa siku hizi.

Alikuja kukaa kwetu baada ya masika. Mto wa kule Nyambureti ulipanda ukala ukuta wa nyuma wa nyumba yake, ile ya matofali mabichi, na nyufa zikatambaa mpaka juu kwenye paa. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mzee alikuwa anaishi humo peke yake. Mume wangu akaenda kumchukua kwa pikipiki pamoja na kiti chake, redio yake na kuku mmoja aliyekataa katakata kumwacha. Nilifurahi, tena nilifurahi kweli. Kila mvua iliponyesha mume wangu alikuwa halali akimuwaza baba yake, na yule akikosa usingizi hugeuka geuka mpaka na mimi nakosa.

Siku ya kwanza mzee alikunywa chai, akatazama uani, akaona choo kimoja. Akamuuliza mwanawe kile ni cha nani. Mume wangu, ambaye Mungu alimpa kila kitu isipokuwa tahadhari, akajibu kuwa ni chetu sote. Mzee akaweka kikombe chini. Akachukua fimbo yake akatoka, akarudi baada ya muda mrefu, uso umekunjuka.

Tulikuja kujua kwamba alikuwa anakwenda kwa jirani yetu, fundi seremala, Mwislamu mmoja mkarimu sana. Kila asubuhi mzee anapiga hodi, anauliza habari za mbao, za watoto, za msikitini. Fundi anamkaribisha chai. Katikati ya mazungumzo mzee anashtuka kidogo, kana kwamba ndiyo kwanza wazo limemjia, anauliza msalani ni wapi. Fundi akawa anamsifia kwa mume wangu, kwamba baba yako ni mtu wa watu, haipiti siku hajaja kunijulia hali. Wiki moja mzee alikula maharage yaliyolala, akaenda kumjulia hali fundi kutwa nzima, mpaka fundi wa watu akaanza kuogopa kwamba kuna msiba na mzee anashindwa kuutamka.

Basi siku moja mzee akamwambia mwanawe kwamba kabla ya mvua za vuli atarudi kwake. Hataki kusumbua watu. Mume wangu alipoleta habari hiyo jikoni nilikaa chini. Kurudi wapi? Kwenye ukuta uliobaki umeshikwa na nyufa? Mvua moja tu ya maana ingemwangushia paa, na hilo alilijua yeye, tulilijua sisi, hata yule kuku nadhani alilijua. Nikajiambia shida si choo. Shida ni mimi. Hapendi kukaa kwangu, anatafuta mlango wa kutokea. Nililia huku nakatakata kitunguu, ili nisiulizwe.

Nikamwambia mume wangu kuanzia leo choo ni cha baba, mimi nitakuwa namalizia haja zangu shuleni. Akauliza na likizo je? Nikamwambia akae kimya. Na kweli haikuwa na maana, kwa sababu choo kilishakuwa cha mkamwana, na huwezi kukifua kama shuka.

Tukaamua kuchimba bila kibali. Jumamosi mume wangu akachimba mpaka usawa wa kiuno. Jumatatu akatokea afisa wetu wa Lindi na kopo la rangi nyekundu kuweka alama ya X. Sasa hiyo X aiweke wapi? Ukuta hakuna, ni shimo tu. Alilizunguka akitafuta pa kupaka. Alijaribu kwenye udongo, rangi ikazama. Mwishowe akaipaka kwenye mpapai uliokuwa pembeni, akatupa pole, akaondoka. Kuanzia siku hiyo wapita njia walisimama kutuuliza mpapai wetu umekosa nini serikali. Jirani mmoja aliyekuwa na mipapai mitatu akaivuna yote ikiwa mibichi, akisema yeye hangojei waje.

Jioni ile mume wangu akamweleza mzee kwamba ameshindwa, kibali hakuna mpaka tuta liishe.

"Tuta gani?" mzee akauliza.

Akaonyeshwa. Na kwa kweli hakuwa na kosa kutolitambua. Tuta lilikuwa limeanza kwa kelele nyingi, kijiko kinachimba, matipa yanamwaga moramu, mtendaji wa kata anapiga picha. Kisha kijiko kikaharibika, dereva wa tipa akagundua kivuli kizuri, na ng'ombe wakagundua tuta. Kila alasiri walipokwenda kunywa maji walipanda juu ya udongo mpya, wakasimama huko kupunga upepo, wakashuka na ule udongo. Vibarua walijenga asubuhi, ng'ombe wakabomoa mchana, na kila mwisho wa mwezi tulisomewa kwamba kazi inaendelea.

Kesho yake mzee alimjulia hali fundi mapema, akabeba kiti chake mpaka kwenye tuta, akakiweka katikati ya njia ya ng'ombe, akaketi.

Hakuondoka pale mpaka kiangazi kinaisha. Alikuwa na sauti iliyochunga mifugo miaka yake yote, na sasa ilipata kazi. Ng'ombe akinyanyua mguu kukanyaga moramu, anasikia jina la mama yake. Mchungaji anasikia la bibi yake. Dereva wa tipa aliamshwa kwa fimbo kwenye mlango mara kadhaa, akaona heri afanye kazi tu. Fundi wa kijiko alipochelewa, mzee alimfuata mpaka gereji akakaa kumtazama bila kusema neno, na kwa jinsi ninavyoyajua yale macho, mimi mwenyewe ningetengeneza hicho kijiko. Vibarua wakambatiza jina la Mhandisi. Mhandisi mwenyewe wa halmashauri, mama mmoja mcheshi, alipokuja kukagua alikuta watu wamesimama wima kama kwenye gwaride, akashangaa.

Mjini maneno yakaanza. Mzee mgeni, hana shamba bondeni, hana ndugu kwenye kampuni ya ujenzi, analipwa na nani? Wengi wakaafikiana kwamba anataka udiwani. Habari zikamfikia diwani, akaja nyumbani mwenyewe na kilo mbili za sukari. Nikawakaribisha, nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango, maana heshima haikatazi masikio. Diwani alizungukazunguka weee, mwisho akauliza mzee ana malengo gani. Mzee akasema anataka tuta liishe. Na baada ya tuta? Baada ya tuta, mzee akasema, nataka sehemu ndogo tu ya kukaa kwa amani. Diwani akaondoka amenyong'onyea. Nasikia wiki hiyohiyo alianza kuhudhuria misiba.

Tuta likaisha. Likasimama zuri, limeshindiliwa, limewekwa mawe upande wa mto, na wingu la kwanza la vuli lilikuwa bado halijakusanyika. Ukaitishwa mkutano wa hadhara wa makabidhiano. Mzee hakuwa anataka kwenda. Tangu kazi iishe alikuwa amefunga redio yake kwenye mfuko, na mimi nilipouona ule mfuko nilijua kibali kikichelewa hata siku chache, anapanda pikipiki.

Kwenye mkutano yule mama mhandisi alimsimamisha mbele ya watu wote. Akamsifia kwa moyo wa kizalendo. Akasema ndugu zangu, huyu ni mfano, hana faida yoyote binafsi katika hili tuta. Kisha akampa kipaza sauti awaeleze vijana ni nini kilichomsukuma.

Nilikuwa nimekaa na walimu wenzangu, nikajikunyata nyuma ya mwalimu wa hisabati kwa kuwa ndiye mpana. Mzee alikishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili, akakitazama, akautazama umati. Alikaa kimya mpaka mtu wa mitambo akadhani umeme umekatika.

"Nina mkamwana," akasema.

Upande wa akina mama mmoja akaguna. Akafuata mwingine. Kisha kicheko kikapanda kutoka kwa wazee wa mbele mpaka kwa watoto waliokuwa juu ya tuta, maana nani hapa hajui, nani hajawahi kuzunguka nyuma ya nyumba kwa sababu ya mkwe? Wa Lindi peke yake ndiye alikuwa anageuza shingo huku na huku. Mtendaji akamnong'oneza sikioni. Nikamwona kijana anafumba macho, anashika kichwa, anaanza kunitafuta mimi kwenye umati. Fundi seremala naye, nilimwona, alikuwa anahesabu nyuma, asubuhi moja baada ya nyingine, uso umemshuka, kisha akaangua kicheko kuliko wote.

Mzee alingoja watulie.

"Kwangu Nyambureti choo kipo," akasema. "Kizuri, nimekichimba mwenyewe. Ningerudi siku yoyote. Lakini huyu mama ananipikia ugali, anauweka, anasema karibu baba. Kule kwangu hakuna mtu wa kuniambia karibu."

Akarudisha kipaza sauti, akakaa. Mwalimu wa hisabati akanipa leso yake. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, makamasi yananitoka, na wala sikujali ni nani ananiona.

Afisa wa Lindi alikuja kesho yake asubuhi na kibali mkononi na utepe wa kupimia. Hakuuliza kitu. Alipima mwenyewe, akasogeza shimo upande wa juu mbali na kisima, akamsalimia mzee shikamoo kwa adabu zote za pwani. Choo kilikwisha kabla ya vuli, kwa mbao za fundi, ambaye alisema sasa atakuwa anakuja yeye kumjulia hali mzee.

Kisha vuli ikaja yenyewe, ya kweli. Mto wetu ulipanda mpaka kwenye mawe ya tuta, ukalalamika pale, ukapita zake. Mvua ilipokatika mume wangu akaenda Nyambureti kuangalia. Alirudi jioni ameloa, akasimama mlangoni mwa sebule, mimi nikiwa nyuma yake na sahani ya ugali. Akamwambia baba yake kwamba nyumba imeanguka yote, paa limelalia kitanda.

Mzee alizima redio yake. Tulingoja. Halafu akauliza choo kimekuwaje.

Mume wangu akasema choo kimesimama.

"Basi mwambie jirani wa kule akichukue," mzee akasema, akanawa mikono.