Mchuzi wa Jibini na Maziwa Yaliyokatazwa Moto

Watu huniuliza ilikuwaje kule Kihanga, kwa wakwe zangu, nikapata sifa ya ukali. Huwajibu kwamba upole wangu uliishia kwenye bakuli la mchuzi wa jibini. Wao hucheka. Mimi sicheki. Mama mkwe wangu ameshafariki zamani, nami nimeshazeeka, lakini nikiyakumbuka maneno yake naweka chini nilichoshika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Binti yangu, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa ameanza kutembea surua ilipomwangusha. Upele uliisha, mdomo haukupona. Vidonda vilimjaa mpaka kooni. Ndizi alitema, uji alitema, maharage hata kuyaona hakutaka. Maziwa mabichi yalimpita tu, akaharisha. Nikimbeba mgongoni nilikuwa simsikii uzito, na hilo lilinitisha kuliko kilio chake.

Wakati huo nilifanya kazi jikoni katika nyumba ya wageni ya misheni. Mke wa daktari, mgeni kutoka Ulaya, alikuwa ameletewa maikrowevu, sanduku jeupe lenye mlango wa kioo, ambalo lilikubali kazi pale tu jenereta ilipounguruma. Siku moja alimtazama mtoto mgongoni kwangu, akaniambia nilete maziwa. Aliyeyusha siagi ndani ya bakuli, akakoroga na unga wa ngano kidogo, akamimina maziwa, akarudisha sandukuni. Akawa anafungua, anakoroga, anafunga. Yalipokuwa mazito akatupia jibini aliyoikwangua, akakoroga mpaka ikayeyuka. Basi! Hata maji ya chai hayajachemka, mchuzi uko tayari. Tuliupoza, tukaupondea ndizi mbivu ndani. Mwanangu akameza. Halafu akafungua mdomo tena. Nililia pale pale, mbele ya wageni, wala sikuona aibu.

Shida ikawa maziwa. Pale nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja, naye alikuwa wangu. Baba yangu alinisindikiza naye kutoka Kaisho nilipoolewa, kama wafugaji wa kwetu wanavyomsindikiza binti. Lakini aliyeshika ekyanzi, chombo cha mti cha kukamulia, alikuwa mama mkwe. Na kwao kama kwetu, maziwa ya ng'ombe wa nyumbani hayapandi motoni. Yakichemka, chuchu za ng'ombe zitapasuka, atakauka. Nami nilikulia humo humo. Sijawahi kumwona mama yangu akibandika maziwa jikoni.

Nikajiona nina akili. Sanduku la misheni lina moto gani? Halina kuni, halina mkaa, halitoi hata moshi! Nilipiga magoti, nikamweleza mama mkwe kwa heshima zote. Akanikamulia. Nikawa nabeba maziwa kwenda kazini, mtoto anakula, anaanza hata kunicheka. Mpaka alasiri moja mama mkwe akasema anataka kujionea. Alikuja. Aliingiza mkono sandukuni, akapapasa kote.

"Kweli," alisema, "hakuna moto."

Nikapika. Nilipofungua mlango maziwa yalikuwa yanatokota, mvuke ukampiga usoni.

"Umenidanganya. Haya yamechemka."

"Mama, moto uko wapi? Nionyeshe moto."

"Maziwa yanatokota mbele ya macho yangu, wewe unaniuliza moto?"

Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Tangu siku hiyo ekyanzi kilihamia chumbani kwake. Majirani nao wakaambiwa, nao wakaninyima. Maziwa ya kopo ya misheni yalikuwa yameisha, na lori lilikuwa halijafika. Nilirudi kwa mama mkwe kuomba, mtoto amelegea begani. Ndipo akanijibu yale maneno.

"Tumuue ng'ombe kwa ajili ya mtoto ambaye ameshaanza safari?"

Jamani! Nilimtazama yule mwanamke, aliyenizalia mume, nikatamani kumrarua. Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Yule ni mama yangu," alisema.

"Na huyu ni nani wako?" Nilimsogezea mtoto usoni. Sikumpikia tena wiki ile, afe njaa na mama yake.

Wao wenyewe ndio waliomwita baba yangu. Walitaka aje kunitia adabu. Walijua wanamwita nani: baba alishika mila za maziwa kiasi kwamba ukila maharage hakuruhusu uguse maziwa yake siku hiyo. Alikuja juu ya lori la kahawa, vumbi mpaka kwenye kope. Walimkalisha kwenye kiti kizuri. Mama mkwe akamwaga yote, mashine, uongo wangu, jeuri yangu. Mimi nilisimama mlangoni, hata shikamoo nilimpa kwa shingo upande. Nilikuwa na matusi tayari mdomoni, na yake yalikuwemo.

Baba hakunigombeza. Alisema, "Nipeni mtoto."

Alimpokea kwa viganja viwili. Alimnyanyua kidogo, akamshusha, kama apimavyo ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake. Halafu alimrudisha kwangu, akaomba ekyanzi, akaenda kukamua mwenyewe. Aliporudi alipita mbele ya kila mtu, akanikabidhi mimi.

"Chemsha."

"Mkwe!" mama mkwe alipiga kelele. "Si ng'ombe wako huyu? Si mila yako?"

"Ni ng'ombe niliyemtoa mimi. Akikauka, akauke."

Sikwenda misheni. Nilibandika sufuria kwenye mafiga ya mama mkwe, moto wa kuni, moshi, kila kitu, wasiniambie tena habari za sanduku. Kipande cha jibini nilichopewa na mke wa daktari nilikuwa nacho, kimefungwa kwenye kitambaa. Nilitumia samli badala ya siagi. Nilikoroga kwa hasira, mwiko unagonga sufuria makusudi, kila aliye sebuleni asikie yakichemka. Nilitaka na baba asikie. Eti neno moja! Alilisema kwa pumzi moja, na mimi nilikuwa nimepiga magoti siku zote zile mpaka yakachubuka. Niligeuka nimwambie hivyo.

Kiti chake kilikuwa kitupu. Nilichungulia nje, nikamwona nyuma ya migomba, ameipa nyumba mgongo. Alikuwa amemkumbatia ng'ombe shingoni, anamsemesha kwa Kinyambo, anamwomba msamaha kwa jina alilompa akiwa ndama.

Niliacha kugonga sufuria. Nikakoroga polepole, kimya, mpaka mchuzi ukaiva, nikampoozea mwanangu, nikamlisha.