Kopo la Karibu na Mlango

Nikimwagilia makopo ya miche hapa dirishani, harufu ya udongo uliochanganywa na majivu hunirudisha jikoni kwa mama. Kwetu Umatengo baridi ni kali, kwa hiyo mbegu tuliziotesha ndani, karibu na mafiga. Mama alikuwa amenipa tuta dogo liwe langu, nami nikalea miche ya ngogwe za mboga kwenye kopo kama kuku anayeatamia. Shangazi alikuja kutusalimia, akaondoka nayo yote.

“Mtoto mwenyewe hatoki nje,” alicheka. “Ataipanda lini?”

Sikulia. Niliotesha ndulele za porini, ambazo zikiwa changa hufanana na ngogwe, nikaliweka kopo karibu na mlango. Aliporudi kutusalimia, shangazi akalibeba pia. Akaipa ile miche samadi, akawatambia akina mama wa jumuiya. Ilipozaa vitunda vichungu visivyolika, alikuja na kimoja mkononi.

“Mwanangu, mbegu hii uliitoa wapi?”

“Shikamoo, shangazi.”

Leo jirani ameisifu miche yangu mara mbili, kisha akauliza huwa natoka saa ngapi. Nimemwambia sitoki. Ila kopo la ndulele nimelisogeza karibu na mlango.